Ukurasa wa Mashoto

Aprili 4, 1994. Jumatatu
Daktari ameniagiza niandike kila ninachokula mpaka majani ya miti yaanguke, ili ajue haya mafuta mwilini mwangu yanatoka wapi. Joyce, mke wangu, amenunua daftari hili siku hiyohiyo, kwa furaha ambayo sikuipenda. Basi. Asubuhi: mkate mkavu, yai moja. Mchana: mkate mkavu. Jioni nilikuwa kwa Gordon tukitazama mechi ya kwanza ya msimu, na nilichokula huko daktari hakihitaji.

Kwa kuwa daftari ni nene na chakula changu kimekuwa chembamba, nitaandika na mengine.

Gordon Pruitt ni rafiki yangu tangu tukiwa na nywele. Yeye ana jicho, mimi nina duka la miwani. Tumeandika kitabu pamoja, mwongozo wa sahihi za wachezaji wa besiboli wa zamani: ipi mchezaji aliiandika mwenyewe, ipi bandia. Kimeshatoka mara mbili. Watu wa kazi hii hawakiiti hata jina lake, wanasema "leta Pruitt tuangalie," na Pruitt akisema bandia, basi mpira wako mpe mbwa achezee. Jina langu, Wendell, nalo lipo kwenye jalada, chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo ni tangazo zuri la duka langu. Gordon anaamua na kuandika. Mimi nazikuza sahihi kwa lenzi zangu na kuzipiga picha. Toleo la tatu linakwenda kiwandani kuchapwa Septemba.

Nje mvua imechanganyika na theluji. Timu yetu imeshindwa.

Aprili 19
Supu ya mboga. Mvua. Mechi imeahirishwa.

Aprili 20
Supu ileile. Mvua ileile.

Mei 5. Alhamisi
Alhamisi mchana nafunga duka, na leo Gordon amenituma kwa Alois Hruska.

Mtu wa rika langu katika mji huu wa Ohio haambiwi Hruska ni nani. Alirusha mipira ligi kuu misimu sita, miaka ya thelathini, kwa mkono wa kushoto, na wapigaji waliondoka uwanjani wakijitazama viganja kama waliodhulumiwa. Ndiyo maana anaitwa Mashoto mpaka leo. Sasa ana miaka themanini na minne na amerudi kuishi kwa binti yake, Marlene, msusi. Gordon anataka sahihi yake ya uzeeni iwekwe kwenye ukurasa wake.

"Nenda wewe, Miwani," aliniambia. Ndivyo anavyoniita. "Mimi wazee wakiniona wanadhani nimekuja kuwapima jeneza."

Ukurasa wa Mashoto ndio fahari ya Gordon. Mipira ya wakati ule ina sahihi za Hruska za aina mbili. Moja imelalia kushoto, na wino wake umepakazika kidogo kuelekea kulia. Nyingine imelalia kulia, safi, ya mviringo, kama ya mtoto aliyekaa dawati la mbele. Watu waligombana miaka mingi ipi ni yake. Gordon akaja, akatazama, akasema: jamani, huyu ni mashoto! Mkono wa kushoto unaifuata kalamu nyuma, unaufuta wino kabla haujakauka. Kwa hiyo ile yenye mpako ndiyo ya kweli, na ile safi ni ya mtumishi wa chumba cha kubadilishia nguo, maana watumishi wale waliwasainia wachezaji wavivu mipira mizima mizima. Kila mtu alijipiga kofi la paji la uso. Mimi nilijipiga la kwangu kwa nguvu zaidi.

Marlene alinifungulia mlango na kitana mdomoni.

"Wewe ndiye nusu ya kitabu?"

"Robo, mama. Pengine robo ndogo."

"Ingia, robo. Baba! Yule wa miwani!"

Mzee alikuwa jikoni, amekaa wima, bega la kushoto limeshuka. Nikampa kadi nyeupe na bolpeni. Akaishika kwa mkono wa kulia na kuandika jina lake taratibu, bolpeni ikiacha vinundu vya wino wa buluu mwanzoni mwa kila herufi. Sahihi ililalia kulia. Nikajiambia ni lile bega, maskini, amelazimika kujifunza upya.

Nikamwonyesha ukurasa wake kitabuni nikidhani atafurahi. Aliutazama kwa kitambo, akafunga kitabu, akakisukuma mbele yangu kwa kidole kimoja.

"Kijana, unakunywa kahawa?"

Nina miaka hamsini na sita na mzee ameniita kijana. Nilikunywa, nikala na kolachi za Marlene, maandazi matamu yenye plamu katikati. Tatu. Daktari aelewe kwamba ilikuwa adabu.

Mzee anashindwa kusoma gazeti. Nitamtengenezea miwani.

Mei 12
Nimempelekea Mashoto miwani. Alisoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, akamwita Marlene ili sasa mzee ndiye amsomee bintiye. Kolachi moja. (Mbili.)

Juni 9
Gordon ameitazama ile kadi. "Uzee," akasema. "Weka pembeni, haitufai." Nikaiweka kwenye droo.

Nimezoea kwenda kwa Hruska kila Alhamisi. Haongei sana habari za besiboli. Anaongea habari za samaki na za mtu fulani aliyemwuzia gari bovu mwaka 1951, ambaye bado hajamsamehe, ingawa alikwenda mazikoni kwake kuhakikisha.

Juni 18. Jumamosi
Leo kaja kwa Gordon mtu mmoja, Teague, anatengeneza mabasi. Alikuwa na mpira wa 1934 wenye ile sahihi safi, ya kulalia kulia, pale pazuri ambapo mishono inakaribiana. Gordon hakutumia hata sekunde.

"Mtumishi," akasema.

"Mtumishi gani? Nilikuwa nimesimama kwenye uzio, nina miaka minane. Alisimama mbele yangu akaandika. Nilimwona."

"Bwana Teague, wote wanaoniletea mipira walimwona. Ningewaweka pamoja waliosimama kwenye ule uzio, uzio ungeanguka."

Nilicheka. Gordon akiwa katika hali yake ni vigumu kutocheka. Teague aliufunga mpira wake kwenye soksi, akatutazama, kwanza yeye, halafu mimi, akatoka bila kufunga mlango.

Saladi.

Julai 2
Joto. Saladi. Timu yetu inashinda, watu wanaanza kuongea habari za fainali za Oktoba kama watu waliosahau miaka arobaini ya kushindwa.

Julai 23. Jumamosi
Siku ya wakongwe katika uwanja wetu mdogo. Mvua ya radi ilitufukuza sote chini ya jukwaa, meza zikabanana kati ya nguzo za zege. Meza ya Gordon upande mmoja wa nguzo: lenzi, muhuri, vyeti vya kuthibitisha sahihi. Upande wa pili, kwa nyuma, Mashoto na Marlene, mzee akiwasainia watu mipira mipya. Hawakuonana.

Mimi nilikuwa napita na soseji. Nakiri soseji.

Bwana mmoja mwenye kofia nyekundu akausogeza mpira mbele ya Gordon na kuomba cheti. Gordon akauinua, akautazama kwa jicho moja.

"Bandia."

"Bandia vipi?"

"Bwana, hii ndiyo bandia ya Hruska inayojulikana kuliko zote. Soma kitabu. Mashoto hakuwahi kuandika hivi maisha yake."

"Mbona ameandika sasa hivi? Yuko hapo nyuma ya nguzo, anakula karanga."

Chini ya jukwaa pakalipuka kwa kicheko. Nimewahi kusikia watu wakicheka uwanjani, lakini si hivi. Watu walishikana mabega. Gordon akasimama, mwekundu, akatafuta maneno, na kwa kuwa ni Gordon akayapata.

"Jamani, jamani! Mzee wetu ana miaka themanini na minne. Mkono umezeeka, tumheshimu."

Marlene akatokeza kichwa upande wa pili wa nguzo.

"Mkono umezeeka, sawa. Na jicho lako, Gordon, lina miaka mingapi?"

Kicheko tena. Nami nilicheka, mpaka nilipozunguka nguzo. Mzee alikuwa anakifunga kifuniko cha kalamu. Hakikuingia, akajaribu tena, hakikuingia. Alikuwa anajaribu kwa mkono wa kushoto. Kisha akautumia wa kulia, kikaingia.

"Marlene," akasema. "Nirudishe nyumbani."

Na mimi, mtu wa lenzi, ninayelipwa ili niwaonyeshe watu wanachoshindwa kukiona, nikabaki na soseji yangu. Bega la kushoto lile linainuka vizuri. Nimeliona likipunga mkono kila Alhamisi; si bega lililomfanya aandike kwa kulia.

Julai 28. Alhamisi
Naandika yote.

Marlene alinikaribisha bila kolachi. Mzee alikuwa jikoni. Nikamwuliza moja kwa moja anaandika kwa mkono gani.

"Kulia. Toka nikiwa na miaka saba."

"Lakini wewe ni Mashoto."

"Nilikuwa Mashoto nje. Ndani ya darasa palikuwa na Sista Ludmila na rula yake ya chuma." Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akauzungusha polepole. "Alisema mkono huu ni wa shetani. Ukigusa kalamu, rula. Nikajifunza kuandika kwa kulia, mwandiko mzuri, nikapewa hata picha ya mtakatifu. Ule wa shetani nikaenda nao uwanjani. Hakuna sista aliyewahi kuja kuniambia nirushe kwa kulia."

Marlene akasema kutoka kwenye sinki, "Watoto wote wa rika lake, kwa masista wale, hivyohivyo. Muulize mtu yeyote mtaani. Lakini nyie mnauliza wino."

Nikauliza ile sahihi ya kitabuni ni ya nani.

Mzee akavua miwani niliyomtengenezea, akaiweka juu ya meza miguu ikiwa juu.

"Verna. Mke wangu wa kwanza. Mama yake alimfundisha kusoma na kuandika nyumbani, shambani huko, hakupigwa na mtu. Mashoto wa kweli, yeye. Timu ilikuwa inaleta mipira nyumbani kwa maboksi, na barua za watu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na mto ulikuwa na samaki. Nikamwambia, mama, niandikie. Akaandika yote pale kwenye meza ya jikoni. Alilipenda jina langu. Alilipamba. Uwanjani tu, wale watoto wa kwenye uzio, hao niliwaandikia mwenyewe."

"Sasa mbona hukusema siku zote hizi?"

"Niseme nini? Mwaka thelathini na nane aliondoka na muuza friji. Watu wananijia miaka hamsini na mpira, wana furaha, wanasema, Mashoto, tumekuletea mkono wako. Natazama, ni mkono wa Verna. Niwaambie, samahani jamani, mke aliyenikimbia ndiye mimi?"

Marlene hakugeuka. Mama yake alikuwa mke wa pili, aliyebaki naye mpaka kifo, na hakuna ukurasa wake popote.

"Nilidhani haijalishi," mzee akasema. "Mpaka Jumamosi. Nimekaa pale, ninaandika jina langu, mtu ananiambia si langu, na watu wanacheka. Kijana, mimi sitaki kitu. Nataka ukurasa mmoja. Uwe na mkono wangu, chini yake muandike, huyu ndiye. Basi. Kabla sijafa, lakini, si baada."

Nikamwambia ataupata. Nilisema hivyo, ndiyo, kama mtu anayeahidi kumrudishia mtu sahani.

Nilipokuwa nikitoka nilimfikiria Teague na soksi yake.

Agosti 4
Nimekutana na Gordon mgahawani. Nilimweleza yote kabla chakula hakijafika, kosa la kwanza, kwa sababu Gordon mwenye njaa hasikii.

Halafu akasema, "Mzee anakumbuka vibaya."

"Gordon, ameandika mbele yangu. Mtaa mzima wanajua habari za wale masista. Umefika hata siku moja kuuliza?"

"Miwani, nimesaini vyeti vya mipira ile. Watu wamevitundika ukutani. Wengine wamewarithisha watoto. Unataka niende nyumba kwa nyumba nikawaambie wana mwandiko wa mke wa mtu?"

"Nataka uandike ukweli kwenye ukurasa mmoja."

"Ukweli!" Akachovya chipsi zake kwenye mchuzi wa nyanya. "Sikiliza. Sahihi inayokubalika ndiyo sahihi. Mkono wake mwenyewe hakuna mtu anayeutaka. Huoni? Verna ndiye aliyeuza jina lile. Mzee alirusha mipira tu."

Kilichoniuma si maneno. Alisema kwa ucheshi wake uleule ninaoupenda, akiwa amenisogezea sahani yake ya chipsi bila kufikiri, kama anavyofanya miaka yote, kwa sababu anajua nimekatazwa.

Sikula. Daktari aandike hilo.

Agosti 11. Alhamisi
"Ukurasa wangu umefika?" mzee aliniuliza mlangoni.

"Bado, mzee. Unakuja."

Agosti 12
Wachezaji wa ligi kuu wamegoma. Usiku wa jana timu zilicheza, leo viwanja vimefungwa. Timu yetu, ambayo safari hii ilikuwa na nafasi, imebaki hewani. Gordon kapiga simu: "Umeona? Dunia nzima imegoma na wewe unahangaika na herufi H." Lakini baadaye, kwa sauti ya chini: "Nitaweka maelezo. Chini ya ukurasa. Nakuahidi."

Nimefurahi. Nimemwambia Joyce kwamba Gordon ni mtu mzuri, anachelewa tu. Joyce alisema "mm," na kuniwekea kolifulawa.

Agosti 18
"Umefika?"

"Gordon anauandika, mzee."

"Yeye?" Akanitazama juu ya miwani. "Haya."

Joto kali. Hakuna mechi. Jioni watu wanakaa barazani wakiwa na redio zilizozimwa.

Septemba 1
Mzee amelala leo. Moyo, Marlene anasema. Aliuliza habari za ukurasa wake akiwa amefumba macho. Nikasema uko karibu kufika.

Septemba 8
Vilevile. Supu.

Septemba 14. Jumatano
Asubuhi redio imetangaza: hakuna fainali mwaka huu. Msimu umekufa bila mshindi.

Adhuhuri zikaja karatasi za kiwandani za toleo la tatu, za kusahihishwa. Nikafungua ukurasa wa Mashoto nikiwa nimesimama, mteja yuko kwenye kiti na kidevu chake kwenye mashine ya kupimia macho.

Sahihi ya Verna iko palepale, imekuzwa zaidi, mpako wake wazi kabisa. Picha yangu. Nzuri. Na chini, maelezo aliyoniahidi. Nayanakili:

"Msomaji ajihadhari na sahihi zote zinazolalia kulia, zikiwemo zilizopatikana kutoka kwa Hruska mwenyewe uzeeni. Hazithibitishwi."

Nilisoma mara tatu. Mteja akauliza kama anaweza kutoa kidevu.

Nilimpigia Gordon simu. "Nimeandika maelezo," akasema. "Nilisema nitaandika." Nikamwambia atoe jina langu kwenye jalada. Akavuta pumzi. "Miwani, acha utoto." Nikarudia. "Sawa," akasema. "Kwa ukubwa ule, halitaacha hata pengo."

Septemba 15. Alhamisi
Nilikwenda na karatasi mfukoni, nikiwa nimejiandaa kudanganya. Ningesema kitabu kimechelewa. Kwa kweli ningesema chochote.

Lakini mzee alikuwa amekaa kitandani, amenyolewa, Marlene amemchana nywele kwa maji. "Leo kaamka vizuri," akaninong'oneza. "Kasema leo utauleta."

"Umefika," mzee akasema. Hakuuliza. Aliona karatasi ikichungulia mfukoni.

Nilisema nitamsomea mimi, maandishi ni madogo. Akanyoosha mkono, mkono wa kushoto, ule wa kazi.

"Nina miwani," akasema.

Aliivaa. Miwani ile niliipima mwenyewe, nikairudia mara mbili ili asikose hata nukta, na ilifanya kazi vizuri mno. Nilimwona akisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika "kutoka kwa Hruska mwenyewe," midomo ikasimama.

"Verna angecheka," akasema. "Angecheka mpaka akae chini."

Marlene akauchukua ukurasa, akausoma, akanitazama. Nilitamani anitukane, ana kipaji. Alisema tu, "Nenda nyumbani, robo."

Mzee akanirudishia miwani. Nikamwambia ni yake. Akasema hapana, gazeti ameshasoma.

Septemba 20
Nimeliandikia jarida la wakusanyaji wa sahihi, nimeeleza kila kitu, masista na Verna na uzio.

Septemba 24. Jumamosi
Alois Hruska amefariki asubuhi.

Septemba 28
Mazishi. Gordon alizungumza kanisani na alizungumza vizuri, alaaniwe. Alisimulia mechi ya 1935 mpaka vizee vikalia. Mwisho akatangaza mchango: wakusanyaji wa Ohio watamjengea Mashoto jiwe la kaburi linalomstahili. Watu wakasimama kupiga makofi, kanisani. Teague alikuwa benchi la nyuma na hakusimama. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba mpira wake ni wa kweli. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaondoka.

Baada ya hapo kulikuwa na chakula kingi ukumbini. Sikujua ninakula nini, kwa hiyo siandiki.

Oktoba 6
Jarida limenijibu. Wanashukuru. Wanasema maswali ya namna hii huwa wanayapeleka kwa Bw. Pruitt.

Oktoba 20. Alhamisi
Mkono wa mazoea ukanipeleka kwa Marlene. Alivaa koti bila kusema, tukaenda makaburini pamoja. Majani yote ya njano yalikuwa yameshuka, mengine yamegandana juu ya jiwe. Marlene akayafuta kwa kiganja.

Jiwe zuri jeusi. Mpira umechongwa juu. Chini yake, kwa ukubwa wa mkono mzima, sahihi: Alois Hruska, imelalia kushoto.

Wameitoa kitabuni. Picha yangu. Fundi ni mwaminifu kuliko sisi sote: amechonga hata ule mpako wa wino, ukielekea kulia, pale kiganja cha Verna kilipopita.

"Mama yangu amelala hapo," Marlene akasema, akaonyesha jiwe dogo la pembeni, karibu mno. "Umemwona? Na huyu Verna kaja kulala katikati."

Nilisimama na kofia mkononi.

"Sema kitu, robo."

"Nina kadi," nikasema. "Aliyoniandikia Mei. Nitakupa."

Alifikiri. "Hapana. Nikiwa nayo mimi nitaiangalia mimi tu. Iweke mahali watu wataisoma."

Oktoba 22
Ninajua mahali pamoja tu ambapo watu hunisomea kila ninapowaambia. Nimeibandika ile kadi dukani, chini ya ubao wa herufi za kupimia macho ukutani, chini ya mstari wa mwisho. Mteja akimaliza herufi namwambia, na hapo chini? "Alois Hruska," wanasema, karibu wote. Vizuri, nawaambia, macho yako mazima.

Oktoba 27. Alhamisi
Kwa daktari. Nimepungua. Amefurahi sana, anasema nitupe daftari. Namalizia na la leo.

Nilikuwa nafunga duka mchana Gordon alipoingia. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi. Alikuwa na toleo la tatu chini ya kwapa, akaliweka kauntani, akalisukuma kwangu kidogo. Jina langu halipo. Kweli, halikuacha pengo.

"Nakuja kama mteja," akasema. "Siku hizi barabarani naona vibao viwili viwili. Hufukuzi wateja, Miwani?"

Sikumfukuza. Nilimketisha kitini, nikamfunika jicho moja, halafu la pili. Alisoma mistari ya juu kama anayesoma risala. Alisoma ya katikati. Alisoma herufi ndogo za mwisho bila kukosa, na hapo nilijua kwamba macho yake hayana tatizo lolote na hakuja kwa ajili ya macho. Labda alikuja ili nicheke. Mimi ndiye mtu wake wa kucheka naye, sidhani ana mwingine.

"Na hapo chini?" nikauliza.

Akajiweka sawa kitini.

"Hapo chini hakuna kitu."

Nikamwekea lenzi nyingine. "Na sasa?"

"Sioni."

Nikaweka yenye nguvu zaidi. "Sasa?"

"Sioni kitu, Wendell."

Nikamwondolea fremu ya kupimia. Akasimama, akavaa kofia, akaweka kola vizuri mbele ya kioo changu, akachelewachelewa na vifungo. Kitabu akakiacha kauntani. Mlangoni akageuka, akatazama ukutani pale chini, umbali wa duka zima, kwa jicho moja, kama anavyopima mipira.

"Halafu hiyo ni bolpeni," akasema. "Miaka ya thelathini hazikuwepo. Mtu yeyote atakuambia."

Akatoka. Sijala kitu tangu asubuhi.